Nyeri: picha iliyopigwa na picha isiyopigwa

Leo programu tuziweke kando kidogo tuongee picha za zamani. Ukitafuta Nyeri ya miaka ya 1950 kwenye intaneti, utaletewa watu wawili kwa wingi: Malkia Elizabeth na Dedan Kimathi.

Tuanze na Malkia. Usiku wa tarehe 5 Februari 1952 alilala Treetops, ile hoteli ya juu ya mti kwenye msitu wa Aberdare, na usiku huohuo baba yake, Mfalme George wa Sita, akafariki kwao Uingereza. Habari zilimkuta kesho yake Sagana Lodge, pale Kiganjo. Alipotoka kwenda kupanda ndege Nanyuki, wapiga picha walikuwa wamejipanga nje. Wakaombwa wasipige. Kamera zikashushwa, gari likapita. John Jochimsen, mmoja wao, alikuja kusimulia kwamba hakuna hata mmoja aliyebofya. Yaani dakika ile ambayo dunia nzima ingeilipia haina picha!

Sasa ruka mpaka tarehe 21 Oktoba 1956. Kimathi anapigwa risasi mguuni na kukamatwa karibu na Nyeri. Unaijua picha yake: amelala, pingu mikononi, nywele zimesokotana. Yeye hakuna aliyemuuliza kama anataka kupigwa picha. Novemba alishtakiwa hapohapo Nyeri, na tarehe 18 Februari 1957 akanyongwa Kamiti. Kaburi halikuwekwa alama. Mjane wake, Mukami Kimathi, aliomba mabaki yake miaka mingi, na alifariki Mei 2023 bila kumzika mumewe.

Kwa hiyo kwa familia ile picha ya adui ndiyo iliyobaki.

Hapa ndipo mimi mtu wa kompyuta nakuna kichwa. Kamera ya dijitali huandika tarehe na saa ndani ya faili, sehemu inayoitwa EXIF. Lakini picha ya 1956 iliyoskaniwa itakupa tarehe ya skana tu. Nani alishika kamera, na alitumwa na nani, faili haijui. Magazeti ya wakoloni yaliandika "gaidi" chini yake, sisi leo tunaandika "shujaa", na faili ni ileile, haijabadilika hata nukta moja. Na msidhani mabadiliko hayo ya maneno yalikuwa rahisi: marufuku ya Mau Mau ilibaki kwenye sheria za Kenya mpaka 2003, miaka 40 baada ya uhuru. Sanamu ya Kimathi, ile ya Nairobi ambapo amesimama na bunduki, bila pingu, ilizinduliwa tarehe 18 Februari 2007.

Sasa ya nyumbani. Wengi wenu mna picha za guka na cucu kwenye sanduku: soko la Karatina, baraza la chifu, siku ya uhuru. Mkiziskani, skanini na mgongo wa picha pia. Mara nyingi majina yameandikwa huko kwa kalamu, na wino unafifia. Kisha yachapeni ndani ya faili yenyewe, kwenye nafasi ya maelezo, maana jina la faili hubadilishwa na kila anayeipakua. Programu nyingi za picha zina nafasi hiyo, hata za bure.