Samaki Asiye na Kibali: Umeme, Maji na Ulinzi wa Samaki wa Mto Pangani katika Eneo la Kilole, Korogwe, 1931–2014

Utangulizi

Kilole ni kata ya mji wa Korogwe, mkoani Tanga. Mto Pangani, ambao katika sehemu kadhaa za bonde lake huitwa Ruvu, hupita Korogwe ukielekea Bahari ya Hindi. Upande mmoja wa mto ipo milima ya Usambara, na upande wa pili huanza nchi ya Wazigua inayoenea hadi Handeni. Kwa mtafiti wa historia ya sheria, umuhimu wa eneo hili unatokana na mahali lilipo: juu yake, mbali kuelekea Kilimanjaro, lipo bwawa la Nyumba ya Mungu, chini yake vipo vituo vya umeme vya Hale na Maporomoko ya Pangani. Ukiacha maji yanayoongezwa na vijito kama Mkomazi, kiasi cha maji kinachofika Korogwe wakati wa kiangazi hutegemea kwa sehemu kubwa namna milango ya bwawa inavyofunguliwa na kufungwa.

Makala haya yanachunguza jinsi sheria ilivyomtazama samaki wa mto huo tangu kuanzishwa kwa kampuni ya umeme mwaka 1931 hadi miaka ya mwanzo ya utekelezaji wa sheria ya maji ya mwaka 2009. Hoja kuu ni kwamba, kwa muda mrefu, sheria ilimlinda samaki dhidi ya mvuvi bila kumlinda dhidi ya kinu cha umeme. Chanzo chake hakikuwa chuki dhidi ya uvuvi. Samaki waliwekwa katika sheria moja na maji katika sheria nyingine, na migogoro ya maji ilisikilizwa baina ya wenye hati za maji. Samaki hakuwa na hati, na mvuvi pia hakuwa nayo.

Mto unagawanywa kabla samaki hawajahesabiwa

Kampuni ya umeme ya Tanganyika, iliyokuja kujulikana kama TANESCO, ilisajiliwa mwaka 1931. Miongoni mwa kazi zake za mwanzo ilikuwa kujenga kituo cha Maporomoko ya Pangani, kilichoanza kazi katikati ya miaka ya 1930 na kupeleka umeme Tanga na katika mashamba ya mkonge. Kituo cha Hale, chenye uwezo wa megawati 21, kilifuata mwaka 1964. Bwawa la Nyumba ya Mungu lilianza kujaa katikati ya miaka ya 1960, na mitambo yake ya megawati 8 ikafungwa mwishoni mwa muongo huo. Kazi kubwa ya bwawa hilo haikuwa kuzalisha umeme wake lenyewe. Lilikusudiwa kuhifadhi maji ya masika ili vinu vya chini visikose maji wakati wa kiangazi, pamoja na kuwezesha kilimo cha umwagiliaji.

Elimu ya samaki wa mto huu ilikuja kati ya ujenzi wa awamu hizo. Mwaka 1955 mtaalamu wa samaki Rosemary Lowe, aliyekuwa amefanya utafiti Afrika Mashariki, alichapisha maelezo ya kisayansi ya aina kadhaa za perege. Mmoja alipewa jina la Korogwe; leo huitwa Oreochromis korogwe. Wengine walipewa majina ya Pangani na ya Ziwa Jipe, na wataalamu wa baadaye wamewahesabu hao kuwa aina moja, Oreochromis jipe. Hivyo, Hale ilipoanza kuzalisha umeme, perege wa Korogwe alikuwa tayari ana jina katika vitabu vya sayansi kwa miaka tisa. Jina hilo halikuingia katika masharti ya matumizi ya maji.

Athari za bwawa kwa samaki wa mto hazihitaji maneno mengi kuelezwa. Perege dume wa jamii hii huchimba kiota katika maji ya kina kifupi, na jike huyaatamia mayai mdomoni. Maji yakipanda na kushuka kwa kufuata mahitaji ya umeme badala ya majira, viota huachwa vikavu. Kambale huingia katika mabonde yaliyofurika ili kutaga. Mafuriko yakizuiwa bwawani, mazalio hupungua. Mikunga wa jamii ya Anguilla, ambao huzaliwa baharini na kukulia katika mito ya pwani ya Afrika Mashariki, huhitaji njia ya kupanda na kushuka. Kati ya Nyumba ya Mungu na Korogwe, kinamasi cha Kirua kilipoteza sehemu kubwa ya mafuriko yake ya kila mwaka baada ya bwawa kujengwa, na kikaja kufurika kwa wingi katika miaka ya mvua za kupindukia tu, kama zile za El Nino za 1997 na 1998. Kwa wavuvi wa migono na ndoano, kupungua kwa mafuriko kulikuwa na maana ya kupungua kwa msimu wenyewe wa uvuvi.

Hata hivyo, haitakuwa haki kuliona bwawa kuwa adui wa samaki kwa kila namna. Nyumba ya Mungu yenyewe ilizaa uvuvi mkubwa uliovuta wavuvi kutoka mbali. Kufikia mwaka 1970 mavuno yalikadiriwa kwa zaidi ya tani 20,000, kisha yakashuka haraka katika miaka iliyofuata. Neema hiyo ya muda iliathiri fikra za watawala: penye bwawa palionekana pana samaki, na kwa hiyo ilikuwa vigumu kuuliza nini kimewapata samaki wa mto ulio chini ya bwawa. Kinamasi hakikuwa na mnada mkubwa wala daftari la mavuno lenye kulingana na la bwawani. Hasara yake ilibaki katika kumbukumbu za vijiji.

Sheria mbili zisizokutana

Baada ya uhuru, Sheria ya Matumizi ya Maji Na. 42 ya 1974 iliyaweka maji yote ya Tanzania Bara chini ya umiliki wa Jamhuri. Mtumiaji mkubwa alipaswa kuwa na haki ya maji iliyosajiliwa, yenye kutaja kiasi na kazi ya maji hayo. Marekebisho ya mwaka 1981 yaliweka msingi wa usimamizi wa maji kwa mabonde. Kwa upande mwingine, Sheria ya Uvuvi ya 1970, na ile Na. 22 ya 2003 iliyoirithi, zilishughulika kwa uzito mkubwa na mwenendo wa mvuvi: leseni, ukubwa wa macho ya nyavu, sumu na baruti. Ofisa wa uvuvi aliweza kumkamata mtu mwenye wavu haramu, lakini kiasi cha maji cha kumwezesha samaki kuishi kilikuwa jambo la ofisi nyingine.

Mpasuko huo ulionekana wazi katika miaka ya 1990. Kituo cha Maporomoko Mapya ya Pangani, chenye uwezo wa megawati 68, kilijengwa kwa ufadhili wa nchi za Nordiki na kukamilika mwaka 1995. Ofisi ya Maji ya Bonde la Pangani ilianzishwa mwaka 1991, wakati mradi huo ukianza, kwa kuwa kituo kikubwa namna hiyo kilihitaji uhakika wa maji. Mgogoro uliozuka ulikuwa kati ya uzalishaji wa umeme na wakulima wa juu, hasa wa Kilimanjaro na Arusha, ambao wengi wao walitumia mifereji ya jadi isiyosajiliwa. Ada za maji na masharti ya usajili vilipingwa na wakulima walioona maji kuwa ni riziki kutoka kwa Mungu, iliyochimbiwa mifereji na babu zao. Mabishano yalikuwa makali, lakini pande zote mbili zilizungumza lugha moja: nani achukue maji nje ya mto au ayapitishe mtamboni, na kwa kiasi gani. Kwamba kiasi fulani kibaki mtoni kwa ajili ya mto wenyewe halikuwa dai la upande wowote wenye nguvu.

Funzo la mahakama za kwingineko

Mashauri matatu ya nje ya bonde hili yanasaidia kuonyesha kilichokosekana. La kwanza ni la Marekani. Mwaka 1978 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilisimamisha ukamilishaji wa bwawa la Tellico, lililokuwa karibu kwisha, kwa sababu ya samaki mdogo aliyeitwa snail darter. Mahakama haikupima thamani ya samaki dhidi ya thamani ya bwawa. Ilisema kwamba sheria ya mwaka 1973 ya viumbe walio hatarini ilikwisha kuamua. Mwaka uliofuata Bunge liliitengea Tellico msamaha na bwawa likafungwa. Funzo lake lina pande mbili: samaki aliyetajwa na sheria anaweza kuusimamisha mradi mkubwa, lakini ulinzi huo hudumu kwa kadiri ya utashi wa chombo kinachotunga sheria.

Shauri la pili ni la mto Columbia, pia Marekani, ambalo linakaribiana zaidi na hali ya Korogwe kwa kuwa lilihusu uendeshaji wa mabwawa yaliyokwisha jengwa. Mwaka 2005 Jaji James Redden aliamuru maji yaachwe yamwagike juu ya mabwawa wakati wa kiangazi ili samoni wachanga wapite bila kuingia mitamboni. Amri ya namna hii huacha bwawa mahali pake na kubadili saa na kiasi cha maji.

Shauri la tatu ni la jirani. Mwaka 2014 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Kenya, katika shauri la Friends of Lake Turkana Trust dhidi ya Mwanasheria Mkuu na wenzake, iliona kwamba serikali ilikiuka haki ya walalamikaji ya kupata taarifa kuhusu mpango wa kununua umeme kutoka Ethiopia, ambako bwawa la Gibe III lilikuwa likijengwa juu ya mto Omo unaolisha ziwa hilo. Mahakama haikuwa na mamlaka ya kulisimamisha bwawa la nchi nyingine. Iliweza, hata hivyo, kuilazimisha serikali yake itoe taarifa kwa watu wanaoishi kwa samaki na mifugo.

Tanzania yenyewe ilipata funzo huko Kihansi, ambako chura mdogo wa korongoni, aliyepewa jina la kisayansi mwaka 1999, alipoteza manyunyu ya maporomoko baada ya maji kuelekezwa mitamboni. Mfumo wa kunyunyiza maji ulijengwa na kiasi fulani cha maji kikaachwa kipite korongoni, lakini mwaka 2009 chura huyo alitangazwa kutoweka porini, akabaki katika hifadhi za nje hadi juhudi za kumrudisha zilipoanza. Kihansi ilithibitisha kwamba kinu cha umeme kinaweza kuwekewa sharti la kuachia maji. Pia ilionyesha gharama ya sharti linalokuja baada ya mtambo.

Mgeuko wa 2002–2009

Sera ya Maji ya mwaka 2002 iliweka mahitaji ya mazingira baada tu ya yale ya nyumbani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya 2004 ilimpa kila mtu anayeishi Tanzania Bara haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, pamoja na haki ya kuchukua hatua za kisheria inapotishiwa. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya 2009 ikaipa nguvu ya kisheria dhana ya maji ya akiba, yaani kiasi na ubora wa maji unaohitajika kwa mahitaji ya msingi ya binadamu na kwa kulinda viumbe wa majini. Katika kipindi hichohicho, tathmini ya mtiririko wa mazingira ilifanywa katika bonde la Pangani, na samaki wa mto na wa mlangoni mwa bahari wakachunguzwa pamoja na mahitaji ya umeme na kilimo.

Kisheria, mabadiliko haya ni makubwa. Yaliyokuwa mabaki ya mgawanyo yamekuwa sehemu ya kwanza ya mgawanyo. Lakini vituo vyote vya umeme vilivyotajwa vilijengwa kabla ya sheria hizo, na akiba iliyoandikwa katika sheria haimfikii samaki mpaka igeuzwe kuwa ratiba ya milango ya bwawa. Aidha, anayetaka kuidai mahakamani anakabiliwa na ugumu wa ushahidi. Perege wa bonde hili wamepata pia madhara ya nyavu haramu, ya kilimo cha kandokando ya mto na ya perege wageni walioletwa na kuzaliana nao. Oreochromis jipe amehesabiwa kuwa katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka; perege wa Korogwe, ambaye hupatikana pia katika maziwa ya Lindi, hajafikia hatari hiyo. Mlalamikaji wa Kilole angepaswa kutenganisha sehemu ya hasara iliyotokana na uendeshaji wa bwawa na sehemu iliyotokana na mengineyo.

Hitimisho

Historia ya Mto Pangani katika eneo la Korogwe inaonyesha kwamba kukosekana kwa hukumu mashuhuri kwa ajili ya samaki si ushahidi kwamba hapakuwa na madhara. Kwa miongo mingi mfumo wa haki za maji haukuwa na nafasi ya kuyasikiliza. Tangu mwaka 2009 nafasi hiyo ipo. Kinachohitajika sasa ni kuunganisha kumbukumbu mbili ambazo sheria ilizitenga: kumbukumbu ya maji yanayoachiwa Nyumba ya Mungu na kumbukumbu ya samaki wanaovuliwa kati ya Kirua na Hale. Zikiwekwa bega kwa bega, kwa tarehe na kwa kiasi, Bodi ya Maji ya Bonde, ofisa wa uvuvi na mahakama watakuwa na jambo la kuamua. Zikiendelea kukaa katika majalada tofauti, mvuvi wa Kilole ataendelea kuulizwa ukubwa wa macho ya wavu wake, na anayefunga milango ya bwawa hataulizwa kitu.