Kutoka Nukta Nundu hadi Tovuti: Historia ya Ufikivu wa Taarifa za Serikali kwa Wasioona Mkoani Dodoma

Makala haya yanajadili historia ya ufikivu wa taarifa za umma kwa watu wasioona mkoani Dodoma tangu mwaka 1950 hadi zama za serikali mtandao. Hoja kuu ni kwamba kizuizi cha msingi kimekuwa umbo la maandishi, wala si ulemavu wa msomaji, na kwamba kuhamia kwa Serikali Dodoma kulipunguza umbali wa njia bila kuondoa kizuizi hicho.

Mwaka 1950 Kanisa la Anglikana lilianzisha shule ya wasioona Buigiri, katika eneo ambalo sasa ni Wilaya ya Chamwino. Shule hiyo ndiyo chimbuko la elimu rasmi ya wasioona nchini. Kilichobadilishwa pale ni herufi: wino ulitoa nafasi kwa nukta nundu zinazosomwa kwa vidole. Hata hivyo, nje ya darasa herufi hizo hazikumfuata mhitimu. Matangazo ya ofisi yalibandikwa ubaoni yakiwa yameandikwa kwa wino, naye alihitaji mtu wa kumsomea.

Sheria zilichelewa kuligusa tatizo hilo. Sheria Na. 3 ya mwaka 1982, iliyohusu matunzo ya watu wenye ulemavu, iligawa jukumu kati ya familia, jamaa, serikali za mitaa, Serikali Kuu na mashirika. Mtazamo wake ulikuwa wa kumtunza mtu, si wa kumwezesha kusoma mwenyewe. Mwelekeo ulibadilika baada ya Tanzania kuridhia, mwaka 2009, Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Ibara yake ya 9 inataja teknolojia ya habari na mawasiliano. Sheria Na. 9 ya mwaka 2010 ikafuta sheria ya matunzo na kujengwa juu ya msingi wa haki. Kwa mantiki ya haki, mwenye wajibu si tena amtunzaye msomaji pekee, bali pia aandaaye waraka.

Katika muongo uliofuata, mambo mawili yalikwenda sambamba. Wakala ya Serikali Mtandao iliundwa mwaka 2012, na Sheria Na. 10 ya mwaka 2019 ikaanzisha Mamlaka ya Serikali Mtandao. Aidha, kuanzia mwaka 2016 uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulitekelezwa kwa kasi mpya. Mji wa Serikali wa Mtumba ulijengwa kando ya barabara iendayo Dar es Salaam, ile ile ipitayo Buigiri. Wizara zikawa jirani na shule. Lakini wakati huo huo matangazo na maombi ya ajira yalikuwa yakihamia mtandaoni, na mlango wa ofisi ukawa tovuti.

Mlango huo hufunguka kwa masharti. Programu ya kusoma skrini hutamka maandishi, haitazami picha. Waraka uliopigwa muhuri, ukaskaniwa na kupakiwa kama picha tupu huwa bubu kwake. Kitufe kisicho na jina hutamkwa "kitufe" tu. Ukurasa wa Kiswahili uliotambulishwa kwa mashine kuwa wa Kiingereza husomwa kwa matamshi ya Kiingereza hata msikilizaji asielewe. Miongozo ya kimataifa ya ufikivu wa wavuti, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1999, inashughulikia kasoro za aina hii, na nyingi huzuilika waraka unapoandaliwa.

Kwa hiyo, mwombaji kazi asiyeona anayelazimika kumpa mwingine nywila yake ili amjazie fomu yuko palepale alipokuwa mhitimu wa Buigiri mbele ya ubao wa matangazo, ila sasa anapoteza na siri yake. Historia hii inaonesha kwamba ujirani na Serikali haujawa ufikivu. Buigiri ilianza kwa kubadili herufi kabla ya kumdai mwanafunzi asome. Mpangilio huo ndio ambao tovuti ya umma inapaswa kuufuata.