Rangi za Mafuta Chini ya Jua la Hijazi na Najdi



Sisi tunaoishi Riyadh na Jeddah tumezoea kulikimbia jua. Tunatoka nyumba yenye kiyoyozi, tunaingia gari lenye kiyoyozi, tunashukia ofisi yenye kiyoyozi, na mji tunauona kupitia kioo cheusi. Hata hivyo wamo miongoni mwetu ambao Ijumaa, baada ya sala ya alfajiri, hubeba stendi ya miguu mitatu, ubao mdogo na rangi za mafuta, wakaenda kuchora mandhari nje. Mara nyingi tunaulizwa: kwa nini msipige picha kwa simu, mkachora nyumbani penye ubaridi? Jibu letu limo katika historia ya wachoraji wa nchi hii wenyewe.

Kuchora nje kwa rangi za mafuta si desturi ya kale sana. Kwa karne nyingi mchoraji wa Ulaya alisagiwa rangi yake katika mafuta ya kitani, na akiba aliiweka katika kibofu cha nguruwe kilichofungwa uzi. Kibofu kilipasuka na rangi ikakauka, kwa hiyo kazi kubwa ilifanyika ndani. Mwaka 1841 Mmarekani mmoja aliyekuwa akiishi London, John Goffe Rand, alipata hataza ya mrija wa bati unaobinywa na kufungwa tena. Kwa mrija huo mchoraji aliweza kutia rangi zake zote mfukoni na kwenda shambani. Kizazi cha Claude Monet kule Ufaransa kiliupokea na kuutumia vilivyo. Sisi wahandisi tunakipenda kisa hiki, maana kinaonyesha jinsi chombo kidogo kinavyoweza kuwafungulia watu mlango mkubwa.

Mbinu hizo zilifikaje huku? Zililetwa na vijana waliokwenda kusoma nje wakarudi. Abdulhalim Radwi, mzaliwa wa Makka mwaka 1939, alihitimu chuo cha sanaa cha Rome mwaka 1964, akarejea kuzichora nyumba na vichochoro vya Hijazi. Mohammed Al-Saleem, naye wa mwaka 1939, alizaliwa Marat huko Najdi, akasoma Florence mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 1979 akaanzisha Dar al-Funun al-Saudiyya mjini Riyadh. Safeya Binzagr alizaliwa Jeddah mwaka 1940, akakulia Misri, akasoma Uingereza. Mwaka 1968 yeye na mwenzake Mounirah Mosly walionyesha picha zao katika shule ya wasichana mjini Jeddah, jambo lisilokuwa la kawaida kwa wanawake wa nchi hii wakati ule.

Wote watatu walirudi na elimu ya Ulaya mikononi, wakakutana na jua ambalo elimu ile haikulitarajia.

Tulieleze jambo hili kwa hesabu kidogo. Rangi nyeupe nzuri hurudisha takriban asilimia 90 ya mwanga unaoiangukia, na nyeusi hurudisha asilimia 3 au 4. Basi kati ya weupe wote na weusi wote alio nao mchoraji, tofauti ni kama mara 25 au 30 tu. Lakini nje, kati ya ukuta wa chokaa uliopigwa na jua na ndani ya mlango ulio wazi, tofauti hufika mara mamia. Haiwezekani kuyanakili yote. Ni lazima uchague: ama uuhifadhi mwanga, na vivuli uvifanye kitu kimoja, ama uvichunguze vivuli, na ukuta uuache mweupe mtupu. Kamera nayo huchagua, ila huchagua bila kukuuliza. Ndiyo maana anayechora kwa kutazama picha ya simu hupata vivuli vyeusi kama lami, akadhani ndivyo vilivyo.

Sivyo vilivyo. Simama katika kichochoro cha Al-Balad, mji mkongwe wa Jeddah, ukitazame kivuli kwa dakika tano. Nyumba zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyokatwa kwenye pwani ya Bahari ya Shamu, na juu yake zimening'inia roshani za mbao, ambazo wenyeji huziita kwa neno lile lile tunalolitumia sisi. Kichochoro ni chembamba, kwa hiyo kivuli cha ukuta mmoja hupokea mwanga unaodunda kutoka ukuta wa pili. Kumbe kivuli kile kina joto ndani yake, kina wekundu na rangi ya asali. Ukitoka uwanjani, kivuli hicho hicho hugeuka kuwa buluu, kwa sababu sasa kinaangaziwa na anga. Katika hewa ya unyevu ya Jeddah, nyumba za mbali hufifia na kulainika. Riyadh, iliyo juu kama mita 600 na yenye hewa kavu, mlima wa mbali huonekana mkali kama umekatwa kwa kisu, mpaka siku ya vumbi ambapo anga lote hugeuka rangi ya unga wa mtama. Sheria moja haitoshi miji hii miwili.

Kutokana na hayo tumejifunza mambo machache, nasi tunawapa wenzetu wanaotaka kuanza. Kwanza, saa. Mwishoni mwa Mei na katikati ya Julai jua husimama wima juu ya Makka, na watu huitumia saa ile kuhakikisha kibla. Jeddah, iliyo jirani, saa hiyo kivuli cha nguzo karibu kinatoweka, na pasipo kivuli hapana umbo. Chora asubuhi au alasiri, tena Novemba hadi Machi. Pili, muda. Dunia huzunguka nyuzi 15 kila saa. Baada ya saa moja na nusu mandhari yako ni mengine. Weka mipaka ya vivuli mwanzo, wala usiihamishe. Tatu, kivuli cha mchoraji mwenyewe. Ubao ukiwa juani, macho hudanganyika, unachanganya rangi nzito mno, na picha ikifika nyumbani inakuwa giza. Beba mwavuli usio na rangi kali. Nne, mafuta. Rangi hii haikauki kwa kutoa maji bali kwa kunywa oksijeni, na joto huiharakisha. Tapentaini nayo huruka upesi. Safu ya chini iwe nyembamba, za juu ziwe na mafuta zaidi. Ukigeuza utaratibu, picha itapasuka. Tano, ukirudi kutoka Riyadh, ifunge picha mbichi ndani ya kisanduku, la sivyo utakuwa umechora kwa mchanga.

Lakini mbinu peke yake haitoshi. Mtazameni Al-Saleem. Baada ya Florence alianzisha namna yake aliyoiita Afaqiyya, yaani ya upeo wa macho: mistari na tabaka za rangi zinazolala moja juu ya nyingine, kama jangwa la Najdi linavyopanda kutoka mchangani hadi angani. Ukisimama chini ya jabali la Tuwaiq, au ukingoni mwa Wadi Hanifa jioni, unaelewa mara moja alikuwa akiona nini. Florence ilimpa chombo, Najdi ikamsahihisha. Alifariki mwaka 1997. Mwaka 2023 picha yake moja iliuzwa mnadani London kwa zaidi ya dola milioni 1.

Wapo watakaosema kwamba mchoraji mkubwa hahitaji kusimama juani. Hoja hiyo ina uzito. Kule kwetu Sam Ntiro, mwana wa Kilimanjaro aliyesoma Makerere na London, alichora migomba na watu wa kijijini kwake kwa kumbukumbu. Binzagr naye alichora mengi yaliyokwisha kutoweka, akiwauliza wazee na kukusanya mavazi ya kale. Ukuta wa Jeddah ulibomolewa mwaka 1947, naye akiwa mtoto wa miaka saba. Angeuchora vipi kwa kuutazama? Nyumba yake ya sanaa ilifunguliwa Jeddah mwaka 2000, na alipofariki mwaka 2024 aliacha ndani yake maisha ya mji ambao wengi wetu hatukuuwahi.

Hata hivyo kumbukumbu nayo hulishwa. Ntiro aliishi chini ya migomba kabla ya kuichora, na Binzagr aliwafuata walioona kwa macho. Je, sisi tulioondoka makwetu tukiwa vijana, kumbukumbu yetu italishwa na nini?

Pale Al-Balad ipo nyumba ya Nassif, iliyomalizika kujengwa mwaka 1881, na mbele yake mti wa mwarobaini. Miaka miwili baadaye, mwaka 1883, Sultani Barghash alijenga Beit al-Ajaib, Unguja. Nyumba ya Nassif ingali imesimama, na Jeddah ya kale iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2014. Mji Mkongwe wa Unguja ulitangulia mwaka 2000, na Lamu mwaka 2001. Lakini tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka, na watu wawili wakafa. Picha za kamera za jumba lile zipo maelfu. Ila ni wangapi kati yetu wanaoweza kusema kivuli cha roshani zake kilikuwa na rangi gani saa kumi alasiri?

Wahenga walisema: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Likizo zetu ni za wiki tatu au nne, na nyingi huishia kwenye harusi na ujenzi wa nyumba. Tunaomba kila mwenye nia atenge asubuhi mbili. Mazoezi ayafanye huku, mbele ya matumbawe ya Jeddah, ambayo ni ndugu wa matumbawe ya kwetu, na mkono ukishakuwa mwepesi aende nao Lamu, Mombasa au Unguja. Ubao wa sentimita 20 kwa 25 unaingia katika mkoba wa ndege. Tapentaini iacheni, hairuhusiwi. Mafuta ya kitani yanatosha.