Elimu Ipi? Ukatili dhidi ya Wanawake Vitani na Wajibu wa Vyuo Vyetu

1. Utangulizi

Tarehe 2 Septemba 1998, Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, iliyokuwa ikikaa Arusha, ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari, na mara ya kwanza kutamka kwamba ubakaji waweza kuwa tendo la mauaji hayo. Lisilokumbukwa sana ni kwamba Akayesu, kabla ya kuwa meya mwaka 1993, alikuwa mwalimu, kisha mkaguzi wa shule.

Jambo hilo halina budi kutusumbua sisi tunaofundisha. Twazoea kusema kwamba dawa ya ukatili dhidi ya wanawake ni elimu. Lakini mtu huyu alikuwa na elimu, tena aliwakagua walimu wenzake. Basi yatupasa kuuliza: ni elimu ipi?

2. Arusha: mashahidi waliowafundisha wanasheria

Hati ya kwanza ya mashtaka ya Akayesu, ya mwaka 1996, haikutaja ubakaji. Kesi ilikuwa imekwisha kuanza pale mama mmoja, akitoa ushahidi Januari 1997, aliposimulia jinsi binti yake wa miaka 6 alivyobakwa. Shahidi mwingine akaeleza yaliyotendeka kwenye ofisi ya Taba. Katika jopo la majaji watatu alikuwamo mwanamke mmoja, Navanethem Pillay. Mwezi Juni mwaka huo hati ikarekebishwa, na ubakaji ukaingizwa.

Hivyo wasomi wa sheria walifundishwa na wanawake wa vijijini. Maarifa yalikuwapo tangu mwanzo. Kilichokosekana ni sikio.

3. Monrovia: darasa katika Kanisa la Kilutheri

Mfano wa pili watoka katika kanisa la ndugu zetu wa Liberia. Tarehe 29 Julai 1990, askari wa serikali waliwaua watu wapatao 600 waliokuwa wamekimbilia Kanisa la Kilutheri la Mtakatifu Petro, Monrovia. Kanisa lililotiwa damu namna hiyo lingeweza kufunga milango yake. Badala yake likawa mahali pa mpango wa kuponya majeraha ya moyo na kupatanisha watu.

Mwaka 1998 Leymah Gbowee, mama kijana aliyekuwa ametoka katika maisha ya kupigwa nyumbani, kama alivyosimulia mwenyewe, alianza kujitolea katika mpango huo. Alifanya kazi na vijana waliopiganishwa vita wangali watoto, kisha na wanawake. Katika semina hizo wanawake walisimulia mambo ambayo hawakuwa wamemwambia mtu yeyote. Kutokana na kusikilizana huko ilizaliwa nguvu ya mwaka 2003, Wakristo na Waislamu walipoketi pamoja uwanjani, wamevaa nguo nyeupe, wakidai amani. Wengine walikwenda hadi Accra wakaziba milango ya ukumbi wa mazungumzo. Mapatano yalitiwa sahihi tarehe 18 Agosti 2003, na mwaka 2011 Gbowee akawa mmoja wa waliopewa Tuzo ya Nobeli ya Amani.

Hata hivyo tusiipambe historia. Liberia ilirekebisha sheria yake ya ubakaji mwaka 2005 na kuunda mahakama maalumu mwaka 2008. Lakini mwaka 2020 rais wa nchi alilazimika kutangaza ubakaji kuwa dharura ya taifa. Vita vilikwisha, ila yale waliyojifunza wanaume vitani hayakwisha. Sheria huadhibu tendo. Kuufundisha moyo ni kazi nyingine, na kanisa haliwezi kuwaachia wengine kazi hiyo.

4. Tamari katika vyuo vyetu

Tunalo andiko la kuanzia: 2 Samweli 13:1-22. Huko Pietermaritzburg, Afrika Kusini, Kituo cha Ujamaa kimelitumia andiko hili kwa miaka mingi katika mafunzo ya Biblia ya vikundi, na kutoka hapo ikatokea Kampeni ya Tamari, iliyofika pia Kenya. Tamari anasema wazi, tena kwa hekima. Amnoni hataki kumsikia. Absalomu anamwambia anyamaze. Daudi anakasirika, wala hatendi neno. Tazama: nyumba ya mfalme haikukosa elimu wala torati.

Mwaka 2002 Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani liliyataka makanisa kuukataa ukatili huu waziwazi. Lakini mwanafunzi wa theolojia aweza kumaliza masomo yake akiwa amefasiri Zaburi kwa Kiebrania na asijue la kumwambia binti anayebisha hodi ofisini akilia. Asipofundishwa, atamwambia avumilie. Naye atakuwa amesema neno la Absalomu kwa sauti ya mchungaji.

5. Hitimisho

Akayesu alisoma, akafundisha, akakagua. Mama yule wa Taba alisema tu aliyoyaona, na sheria ya dunia ikabadilika. Elimu inayoweza kuzuia ukatili huanza pale mwenye mamlaka anapokubali kuwa mwanafunzi wa aliyeumizwa. Basi andiko la Tamari lisomwe katika darasa la kipaimara, lihubiriwe madhabahuni, na lifundishwe vyuoni wakati wa amani. Maana vita vikisha kuingia, kila mtu hutenda yale aliyokwisha kujifunza.