Baloji na Kinshasa: siku iliyofuata sherehe ya uhuru

Januari 1960, wakati viongozi wetu walipokuwa Brussels kujadili uhuru kwenye Meza ya Duara, Grand Kallé na African Jazz walikuwa huko pia. Ndipo ulipozaliwa wimbo Indépendance Cha Cha. Tarehe 30 Juni mwaka huo Kongo ikapata uhuru, na hadi leo wimbo huo unapigwa kila sikukuu.

Nusu karne baadaye, mtoto wa Lubumbashi aliurudia kwa namna nyingine. Baloji alizaliwa mwaka 1978, akapelekwa Ubelgiji angali mdogo. Alikulia Liège, akaimba rap katika kundi la Starflam. Barua ya mama yake, ambaye hawakuwa wameonana kwa miaka mingi, ndiyo iliyomsukuma kutunga albamu yake ya kwanza, Hotel Impala.

Kisha akabeba nyimbo zake hadi Kinshasa, akazirekodi upya na wanamuziki wa pale, akaongeza na mpya. Matunda yake ni albamu Kinshasa Succursale, iliyosambazwa kimataifa mwaka 2011. Humo rap ya Kifaransa inakutana na rumba, kwaya ya kanisa na likembe za Konono N°1. Hao Konono wenyewe ni historia ya jiji: likembe ya kijijini haikusikika katika makelele ya Kinshasa, wakatumia sumaku za magari mabovu kutengeneza mikrofoni. Jiji liliwalazimisha kupaza sauti, na sauti hiyo ikawa muziki mpya.

Wimbo wa Grand Kallé, Baloji aliupa jina la Kiswahili: Siku ya Baadaye. Wazee walisherehekea siku ya uhuru. Yeye anauliza habari ya siku iliyofuata. Ngoma imekwisha, wageni wamekwenda, je, nyumba iko namna gani? Swali hilo linatuhusu sisi sote, hasa familia ambazo vita vimeziondoa kwao.

Katika albamu hiyo hiyo kuna wimbo Nazongi Ndako, yaani narudi nyumbani kwa Kilingala. Baloji alirudi akakuta nyumba imebadilika, lakini hakukaa mlangoni kulalamika. Aliingia, akaketi na waliobaki, wakapiga muziki pamoja. Wanaongojea kurudi Masisi au Rutshuru watauelewa wimbo huo hata bila kujua Kilingala.