Gari la umeme lilipoitwa gari la kike

Mwaka 1914 viwanda vya Henry Ford vilitoa Model T zaidi ya laki mbili. Mwaka huo huo, nyumbani kwake, mkewe Clara alipata gari jipya, na halikuwa Ford. Lilikuwa Detroit Electric: gari la umeme lenye kibanda cha vioo, viti kama vya sebuleni na fimbo ya kuongozea badala ya usukani. Bado lipo, kwenye makumbusho yenye jina la mumewe huko Dearborn, Michigan.

Sasa kwa nini mke wa tajiri wa petroli aendeshe umeme? Jibu fupi ni hendeli. Enzi hizo ili uwashe gari la petroli ulisimama mbele yake, ukachomeka chuma na kuzungusha injini kwa mkono. Injini ikiwaka kabla ya wakati wake, kile chuma kinarudi nyuma kwa nguvu, na watu walivunjika mikono. (Waulize wazee waliowahi kuwa utingo wa malori ya zamani.) Gari la umeme halikuwa na hayo. Unakaa, unasukuma fimbo, linaondoka, bila moshi na bila gia za kupigana nazo. Usiku unalichaji nyumbani.

Wala halikuwa gari la watu wachache wa ajabu. Kati ya magari yaliyotengenezwa Marekani mwaka 1900, ya mvuke yalikuwa 1,681, ya umeme 1,575, na ya petroli 936 tu.

Mwanahistoria Virginia Scharff, katika kitabu chake Taking the Wheel cha 1991, anaeleza kilichofuata. Watengenezaji na wauzaji walijiambia kwamba mwanamke anataka usafi, utulivu na safari fupi: dukani, kwa shoga yake, kisha nyumbani. Basi umeme ukawa wake, na petroli yenye kelele, mafuta na safari ndefu ikawa ya mwanaume. Ukitazama matangazo ya miaka ile utaona mabibi wenye kofia pana ndani ya vibanda vya vioo. Kwangu mimi hapa ndipo pa kuchekesha na kusikitisha kwa pamoja: betri kweli haikufika mbali, lakini udhaifu huo wa kiufundi uligeuzwa kuwa tabia ya mnunuzi. Na mwanaume gani wa 1912 angetaka kuonekana ndani ya gari la kike?

Wanawake wenyewe hawakuwa wameulizwa. Tangu Agosti 1888 Bertha Benz alishachukua gari la mumewe Carl bila kumwambia, akaenda na wanawe wawili kutoka Mannheim hadi Pforzheim, Ujerumani, zaidi ya kilomita 100. Njiani mrija wa mafuta uliziba, akauzibua kwa pini ya kofia. Waya ulipochubuka akaufunga kwa mkanda wa soksi. Mafuta alinunua kwenye duka la dawa pale Wiesloch, na breki zilipoanza kuisha akamwambia fundi viatu azipigilie ngozi. Yaani matengenezo ya kwanza ya njiani tunayoyajua vizuri yalifanywa na mama mwenye watoto.

Mwaka 1909 Alice Ramsey, umri miaka 22, aliendesha Maxwell kutoka New York hadi San Francisco kwa siku 59. Alikuwa na wenzake watatu, wanawake wote, na hakuna hata mmoja wao aliyejua kuendesha. Tairi alibadilisha 11. Kampuni ya Maxwell ndiyo iliyogharamia, maana ilitaka kuonyesha kwamba gari lake hata mwanamke analiweza. Biashara ni biashara, lakini pancha alizibadilisha yeye.

Kisha ikaja stata. Cadillac ya 1912 ilikuja na stata ya umeme iliyobuniwa na Charles Kettering, na hendeli ikaanza kupotea. Petroli ikawa rahisi kuwasha kama umeme, inakwenda mbali zaidi, na Model T ilikuwa ikizidi kushuka bei. Detroit Electric ilijikokota hadi 1939.

Hendeli iliondoka, dhana ya kwamba mwanamke hajui gari ikabaki, na dhana hiyo ina bei. Mwaka 1991 Ian Ayres alichapisha jaribio la Chicago: wateja waliofundishwa kusema maneno yale yale walitumwa kwenye maduka ya magari mapya. Wanawake weupe walitajiwa faida ya muuzaji iliyozidi ya wanaume weupe kwa asilimia 40, na wanawake weusi zaidi ya mara tatu. Tuwe wakweli lakini: jaribio kubwa zaidi la 1995 lilikuta wanaume weusi ndio wanaoumia kuliko wote, na pengo la wanawake weupe likawa dogo.

Gereji nako kulipimwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Northwestern waliwapigisha watu simu kuulizia bei ya kubadilisha rejeta ya Toyota Camry ya 2003. Mpigaji akisema hajui bei, mwanamke alitajiwa kubwa kuliko mwanaume. Akianza yeye kutaja bei halisi ya soko, tofauti ilifutika. Kumbe fundi alikuwa anakisia nani anajua na nani hajui, na sauti ya kike aliihesabu kama kutojua.

Gari la umeme la leo halina plagi wala oili ya injini ya kukupiga nayo bei. Ujanja umehamia kwenye betri. Chukua Nissan Leaf ya mtumba, ambazo Nairobi zilishafanya hadi kazi ya teksi. Kwenye dashibodi kuna vipau 12 vya uwezo wa betri, na cha kwanza hakipotei mpaka uwezo ushuke kwa takriban asilimia 15. Baadhi ya wauzaji wanajua kuvirudisha vyote kwa muda. Kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya usukani, pamoja na programu ya simu, kinasoma betri yenyewe seli kwa seli, na huhitaji fundi akusomee.