Weupe wa Keki
Aisingi hukauka ikawa ngumu. Frostingi hubaki laini. Ya kwanza napiga ute wa yai moja, gramu 225 za sukari ya unga na matone ya ndimu. Ya pili ni siagi gramu 125 na sukari hiyohiyo gramu 250.

Mwaka 1769, Elizabeth Raffald wa Manchester alichapisha namna ya kufunika keki ya harusi kwa ute na sukari. Sukari ya Waingereza wakati huo ilitoka Karibi, kwenye jasho la watumwa. Malkia Victoria alipokata keki yake nyeupe mwaka 1840, watu hao walikuwa na mwaka mmoja na nusu tu wa uhuru kamili.

Jina la Raffald limehifadhiwa kitabuni. Ya waliokata miwa nayatafuta kwenye orodha za mali za mashamba, walikoandikwa pamoja na ng'ombe.